Maharage, timazi au barafu ya Mpemba: lipi liwe somo la kwanza la uchunguzi wa kisayansi?

Kila Januari mwalimu wa sayansi anayepokea Kidato cha Kwanza hukutana na mada ileile ya kufungulia mwaka: mbinu ya kisayansi. Kitabu kinazipanga hatua zake kwa mstari. Tambua tatizo, unda nadharia tete (kisio la kupimwa), fanya jaribio, kusanya data, zichambue, toa hitimisho. Wanafunzi wananakili, wanakariri, na kwenye mtihani wa mwisho wa mwezi wengi wanapata alama zote. Wiki mbili baadaye mwambie mmoja wao achukue kitu chochote kilichopo juu ya dawati akuonyeshe nadharia tete inavyopimwa. Atakutazama tu.

Nami nilianza hivyo, na niliendelea hivyo kwa miaka minne. Tangu nilipoacha nimejaribu masomo matatu ya kuwaingiza watoto kwenye uchunguzi: kuotesha maharage, kubembeza timazi, na kugandisha maji ya moto kando ya maji ya baridi kuona yapi yatatangulia, kama alivyofanya mwanafunzi Mtanzania Erasto Mpemba. Yote matatu ni mazuri, lakini kila moja lina kazi yake. Mwalimu mwenye vipindi viwili, wanafunzi sabini na maabara iliyogeuzwa stoo ya viti vibovu hana budi kuchagua moja la kuanzia.

Kipimo ninachokitumia kuyalinganisha ni hiki: mwanafunzi akikosea, inamchukua muda gani kugundua, na akishagundua anaweza kurudia palepale? Bei ya vifaa naiangalia baada ya hapo. Mtoto asiyepata nafasi ya kurudia anaondoka akiamini kwamba jaribio ni kitu kinachofanyika mara moja, kikatoka au kisitoke, kama bahati nasibu.

Maharage kwenye kikombe

Hili karibu kila mmoja wetu alilipitia shule ya msingi. Vikombe, pamba au gazeti lililoloweshwa, mbegu, dirisha. Robo kilo ya maharage ya sokoni inatosha darasa zima, na chupa za maji za plastiki zilizokatwa nusu hazigharimu kitu. Yachambue kama unavyochambua ya kupika na utupe yote yaliyobunguliwa, maana mbegu iliyoliwa na wadudu haitaota na mtoto ataandika kwamba imekosa mwanga.

Nguvu ya somo hili iko kwenye kulinganisha. Kikombe cha kwanza kina maji, hewa na joto la chumba. Cha pili kimenyimwa maji. Cha tatu kimenyimwa hewa: unachemsha maji, unayaacha yapoe, unazamisha mbegu humo, kisha unamwaga mafuta ya kula juu yake yafunike. Cha nne kina kila kitu lakini kimefungiwa kabatini gizani. Kila kikombe kinatofautiana na cha kwanza kwa jambo moja tu. Ukivipanga vyote vinne juu ya meza moja, huhitaji maneno mengi kueleza kwa nini hatubadilishi mambo mawili kwa pamoja. Daktari James Lind alitumia mantiki hiyohiyo melini mwaka 1747. Aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawalisha chakula kimoja, akawagawa katika jozi 6 na kuipa kila jozi tiba yake. Jozi iliyopewa machungwa na malimau ndiyo iliyopata nafuu haraka. Darasa lililokwisha kuviona vikombe vinne linaielewa hadithi ya Lind kwa dakika tatu.

Kikombe cha gizani kina zawadi yake. Wengi huandika mapema kwamba hakitaota, kwa sababu wamefundishwa kwamba mmea unahitaji mwanga. Kinaota. Tena miche yake inarefuka kuliko ya dirishani, ikiwa myembamba na imepauka manjano. Hapo ndipo mjadala wa kweli unapoanza: kurefuka ndiko kustawi? Mche unaishi kwa nini kabla haujapata jani la kijani? Ukiwaacha wachane mbegu moja katikati, chakula chenyewe wanakiona.

Sasa upande wa pili. Kwenye joto la Tanga mjini mbegu zinachomoza siku ya tatu au ya nne, ila ukipanda milimani Lushoto utangoja zaidi. Katikati kuna Jumamosi na Jumapili, na hakuna wa kumwagilia. Kundi lililoacha pamba ikauke linagundua kosa lake Jumatatu, na kuanza upya ni wiki nyingine nzima, wakati mada imeshasonga. Kwa kipimo changu hapa maharage yanashindwa vibaya. Pia kuna hila ya dirisha: kikombe cha dirishani kinapata mwanga, lakini pia kinapata joto zaidi na kinakauka upesi, kwa hiyo kile ulichokiita badiliko moja ni mabadiliko matatu. Mwalimu makini anaweza kuigeuza hila hiyo kuwa somo, lakini asiyeiona anafundisha kosa.

Usiruhusu mbegu moja kwa kikombe, hata tatu. Mbegu mbili zikiota kati ya tatu huku, na tatu kati ya tatu kule, hujajua chochote. Weka kumi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba jibu wanalo tayari. Walilijaza kwenye mtihani wa shule ya msingi. Mtoto anayejua jibu linalotakiwa haangalii kikombe, anakiangalia kitabu. Nimewahi kusoma ripoti iliyoandikwa vizuri kabisa, yenye mchoro na hitimisho, ya kikombe ambacho panya walikuwa wamekila usiku wa kwanza.

Timazi ya fundi mwashi

Timazi ni uzi na kitu kizito kinachoning'inia mwishoni. Kila fundi mwashi anayo ya kunyooshea ukuta. Vitabu vya fizikia huiita pendulamu. Vifaa vyake: uzi wa kushonea viatu, nati za boliti kutoka kwa fundi baiskeli, rula, na saa moja ya ukutani yenye mshale wa sekunde itakayotundikwa mbele ambapo vikundi vyote vinaiona. Hapo wanafunzi sabini wanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, watanowatano. Uzi unafungwa kwenye penseli iliyotokeza ukingoni mwa dawati na kukandamizwa kwa vitabu. Usitumie kamba ya katani, inajisokota na kuizungusha nati.

Swali ni moja: ni kitu gani kinachoamua timazi iende haraka au polepole?

Acha wabishane kabla ya kugusa chochote. Katika darasa langu hoja huwa tatu. Wa kwanza wanasema nati nyingi zitakwenda haraka kwa sababu kitu kizito huanguka kwa kasi. Wengine wanasema ukiivuta mbali itachelewa kwa sababu ina njia ndefu. Wachache, mara nyingi wale waliowahi kufunga bembea kwenye mti, wanasema ni urefu wa kamba. Ziandike zote ubaoni kwa maneno yao wenyewe, na kila mtoto aandike yake daftarini kwa kalamu ya wino. Hizo ndizo nadharia tete. Jina hilo nalitaja baadaye, wakiwa tayari wanazo mikononi.

Kwa uzi wa sentimeta 25, kupimwa kutoka penseli hadi katikati ya nati, kwenda na kurudi mara 20 kunachukua sekunde 20. Mwaka jana kundi lililokaa karibu na mlango lilipata 19 mara tatu mfululizo wakati wengine wote wanapata 20. Niliwaomba wenzao wasiwasahihishe. Wakabadilisha nati, wakapima uzi upya, wakapata 19 tena. Ndipo binti mmoja aliyekuwa akihesabu akanyamaza katikati, akaishika nati kwa vidole viwili, akaiachia taratibu huku akitamka "moja". Akageuka: "Mwalimu, sisi tunasema moja kabla haijaenda popote!" Walianza upya kwa kusema "sifuri" na wakapata 20. Ilikuwa dakika sita tangu walipokosea. Hakuna somo jingine katika haya matatu linalokupa kitu hicho: mtoto analifukuzia kosa lake mwenyewe, analikamata, na kengele bado haijalia.

Kosa la pili ni zuri zaidi, nami huliacha makusudi litokee. Wanaopima uzito huongeza nati kwa kuzifunga moja chini ya nyingine, kama shanga. Wanapata sekunde 21 na kidogo, na wanatangaza kwa furaha kwamba uzito unachelewesha. Kundi la jirani limezibana nati zote nne pamoja mahali pamoja na limepata 20. Hapo madaftari mawili yanapingana na yote mawili yameandikwa kwa uaminifu. Nani kakosea? Hakuna aliyehesabu vibaya. Ila nati zilizoning'inizwa moja chini ya nyingine zimeshusha kitovu cha uzito sentimeta tatu hivi, kwa hiyo wale waliodhani wanabadilisha uzito walibadilisha na urefu bila kujua. Somo la maharage linaeleza kanuni ya kubadilisha kitu kimoja, lakini kwenye timazi mtoto anakutana na adhabu ya kuivunja.

Kwa wale wa hoja ya kuvuta mbali, kuwa mwangalifu. Kitabu kinasema umbali wa kuvuta haubadilishi muda, na hiyo ni kweli kwa pembe ndogo. Ukiivuta timazi hadi nyuzi 60, mbembeo wake unarefuka kwa asilimia 7 hivi. Mtoto atakayekuambia ameona tofauti anaweza kuwa sahihi kuliko kitabu alichonunuliwa. Usimkalishe chini. Mwambie apime kwa kuvuta kidogo, kisha kwa kuvuta sana, na kila kipimo akirudie mara tano.

Baada ya hapo unakuja urefu, na hapa ndipo timazi inaponipa kile ninachokihitaji zaidi. Sentimeta 25 zilitoa sekunde 20. Sentimeta 50 zinatoa 28. Sasa nawauliza: meta nzima itatoa ngapi? Wanahesabu upesi. Nyongeza ya 25 ilileta sekunde 8, basi nyongeza nyingine mbili zitaleta 16, jumla 44. Karibu darasa zima huandika 44, na wanaandika kwa kujiamini. Wanapima. Inatoka 40.

Wanarudia, kwa sababu 40 haiwezekani. Inatoka 40 tena. Ukimya unaofuata ndio ninaoufundishia. Hawajui jibu, kitabu hawana, mimi sisemi. Halafu mmoja anaona: urefu umezidishwa mara nne, muda umezidishwa mara mbili. Wanapima sentimeta 75 kujaribu, wanapata karibu 35, na sasa wanajua hata kwa kuangalia tu ubaoni kwamba muda hauongezeki kwa hatua sawa. Kidato cha Kwanza hawahitaji fomula yenye kipeuo cha pili. Wanahitaji kuona kwamba utabiri wenye mantiki unaweza kuangushwa na uzi wa viatu.

Kuna kisa kimoja huwa nakiongeza kwa kuwa kinatuhusu sisi wa ukanda wa ikweta. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku, ikabidi aifupishe pendulamu. Mvutano wa dunia ni mdogo kidogo karibu na ikweta, na ugunduzi huo ulisaidia baadaye kuonyesha kwamba dunia si mviringo kamili. Darasa lililokwisha kuhangaika na sekunde moja kati ya 19 na 20 linaelewa kwa nini mtu angeshughulika na dakika mbili na nusu.

Udhaifu upo. Timazi haina uhai, haina harufu, na kuna watoto ambao moyo wao uko kwenye wadudu na majani. Wengine huona ni hesabu iliyojificha. Na ukiwa mwalimu wa biolojia utalazimika kueleza kwa mkuu wa idara kwa nini unabembeza nati.

Barafu ya Mpemba

Hadithi hii kila mwalimu wa Tanzania angepaswa kuijua kwa undani, maana kwa kawaida husimuliwa nusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombea. Ili asiikose, Mpemba aliweka mchanganyiko wake ungali wa moto. Wake uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa wa moto. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini akamwambia kwamba hata yeye huweka ikiwa ya moto ili igande upesi. Alipokuwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa, fizikia yake ikaitwa fizikia ya Mpemba. Siku moja akaingia maabara ya biolojia na vyombo viwili vidogo, kimoja cha maji ya bomba na kingine cha maji ya moto, akaviweka kwenye chumba cha barafu. Baada ya saa moja kile cha moto kilikuwa na barafu zaidi.

Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipokuja kutoa mhadhara, Mpemba alisimama mbele ya wenzake na kumuuliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, vyombo sawa, ujazo sawa, kwa nini ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake walimcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam na kumwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaja na habari kwamba ya moto yametangulia kweli, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu lililo sahihi. Nikilifikia neno hilo la fundi husimama na kuwaacha wanafunzi walitafakari, kwa sababu kila mmoja wao ameshawahi kurekebisha namba ili ifanane na ya jirani. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja.

Kama somo la kusimulia halina mpinzani. Kijana wa rika lao, mkoa wao, kifaa ambacho mama wa jirani anacho kwa ajili ya barafu za ubuyu, na swali lililowapita wakubwa. Kama jaribio la kwanza, silipendekezi.

Sababu ni kwamba jibu halijatulia. Mwaka 2012 Chama cha Kemia cha Kifalme cha Uingereza kiliitisha shindano la kueleza jambo hili na kikapokea maelezo zaidi ya 20,000. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walichapisha uchunguzi wao, wakasema hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimeta moja tu juu au chini kunaweza kuleta tofauti ya uongo. Yapo mengi yanayoingilia: mvuke unaopotea kwenye maji ya moto, chombo kuyeyusha theluji ya friza na kukaa vizuri zaidi, mahali chombo kilipowekwa, hata maana ya neno kuganda. Ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni chombo kizima kuwa kigumu?

Tulijaribu mara moja kwenye friza la mama anayeuza barafu karibu na shule. Tulifungua kila baada ya dakika ishirini kuchungulia, na kila tulipofungua tuliingiza joto. Umeme ukakatika saa nane. Mwishoni chombo cha baridi kiliganda kwanza, na vijana wawili wakaniambia waziwazi kwamba Mpemba alidanganya. Kosa lilikuwa langu. Niliwapa swali lililowachosha maprofesa kabla hawajajifunza kurudia kipimo mara tano. Kugundua kosa kulichukua siku nzima, kurudia kungechukua nyingine, na umeme wa mama yule hatukuulipia sisi. Kumbuka na hatari ya kuungua: maji ya kuchemka na watoto sabini ni mambo ya kutenganisha, mimina wewe mwenyewe.

Kwa Kidato cha Tatu na kuendelea, au kwa klabu ya sayansi yenye vijana kumi na miadi ya friza kwa wiki mbili, nalichagua mbele ya yote. Hao watajua kuuliza: tunapima nini hasa, na tutakubaliana vipi kwamba imetokea?

Lugha, jambo ambalo ulinganisho mwingi unaliruka

Kidato cha Kwanza nchini kwetu ndio mwaka ambao mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anahamishiwa Kiingereza, na somo hili la uchunguzi linaangukia wiki zilezile anapopotea. Mtoto asiye na maneno hawezi kubisha, na asiyebisha hana nadharia tete. Mimi huacha makisio yote yatolewe na kuandikwa kwa Kiswahili kwanza. Kuyahamisha kuingia Kiingereza ni kazi ya kipindi cha pili, tukiwa na matokeo mkononi.

Kwa upande huu timazi inatangulia mbali. Mjadala wake mzima unahitaji jozi tatu za maneno: zito na jepesi, refu na fupi, mbali na karibu. Hata kwa Kiingereza cha wiki ya kwanza mtoto anaweza kuyasema. Maharage yanadai msamiati mrefu wa uotaji, hewa na sehemu za mbegu. Barafu ya Mpemba ni rahisi kuuliza na ngumu sana kueleza.

Nani achukue lipi

Kama unafundisha darasa la tano au la sita, au una watoto watakaokuwa mikononi mwako kila siku kwa wiki mbili, chukua maharage. Huko siku za kungoja zina faida, mtoto anajifunza kuchora alichokiona leo bila kuchungulia cha jana. Badilisha swali tu, lisiwe lile wanalolijua. Waulize mbegu iliyolala chali na iliyolala kifudifudi, mzizi utatokea upande gani? Au maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanachomoza mapema kwa saa ngapi kuliko makavu?

Kama una vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, darasa kubwa, na hujui kama utapata tena nafasi ya vitendo kabla ya likizo, chukua timazi bila kusita. Kipindi cha kwanza ni ubishi, uzito na umbali. Cha pili ni urefu na ule utabiri wa 44. Wape ruhusa ya kuandika "tulikosea" kwenye ripoti na uitolee alama. Mimi hutoa alama mbili kwa kosa lililoelezwa lilivyogunduliwa, na tangu nianze sijaona tena madaftari sabini yenye namba zinazofanana.

Huna hata uzi, au ni siku ya kwanza na wanafunzi bado wanaripoti? Simulia Mpemba, yote, mpaka kwa yule fundi wa maabara. Usiwape jibu la mwisho.

Ile orodha ya hatua usiitupe. Mtihani utaiuliza, na ni haki yao kuijua. Iandike ubaoni mwisho kabisa, baada ya timazi, kisha waulize kila hatua waliipitia saa ngapi. Watakuambia waliunda nadharia tete mara nne, walirudi nyuma kwenye jaribio baada ya hitimisho, na hatua ya "kutambua tatizo" ilikuja walipopata 19. Waache waichore mishale wenyewe kwenye orodha hiyo.

Mwaka jana tulipomaliza, kijana mmoja alibaki amesimama mlangoni. Alikuwa wa hoja ya bembea. Akaniuliza, kama ni hivyo, kamba ya meta nne je? Nikamrudishia swali. Alifikiri, akasema meta nne ni meta moja mara nne, kwa hiyo muda ni mara mbili, sekunde 80. Mwembe wa shule una tawi linalofikia urefu huo. Siku iliyofuata saa ya mapumziko walifunga kamba ya manila na jiwe la kilo kama mbili, yeye juu ya tawi, wengine chini wakihesabu kwa sauti moja kuanzia sifuri. Jiwe lilikwenda taratibu mno hadi wanafunzi wa Kidato cha Pili wakasogea kuona kuna nini. Tulipofika ishirini, aliyeshika saa alisema 81. Kutoka juu ya mti ikaja sauti: "Rudieni!"